Zama za Kale Kando ya Bwawa: Lugha, Istilahi na Maandalizi ya Mtihani wa Historia katika Upare

Mtahiniwa wa historia anayeishi kando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu huingia katika chumba cha mtihani akiwa na lugha mbili au tatu kichwani, ilhali karatasi iliyo mbele yake hukubali moja tu. Alifundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za umma tangu mwaka 1967. Sekondari alikutana na Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kutumika hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliutaja tena uwezekano huo. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulileta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, historia ya ulimwengu wa kale, yaani Misri, Roma, Uchina, biashara ya Bahari ya Hindi na dola za Afrika kabla ya wakoloni, imebaki kuwa jambo la kusomwa na kujibiwa kwa Kiingereza.

Walimu wengi hulalamika kwamba wanafunzi hukariri. Lalamiko hilo ni la kweli, ila linaishia njiani. Mwanafunzi hukariri pale anapokosa pa kuiegemeza dhana. Muhtasari unaopita mkono kwa mkono, ambao wanafunzi huuita madesa, humpa sentensi zilizokwisha kuundwa. Haumwonyeshi kitu ambacho sentensi hizo zinakieleza. Kwa mtahiniwa wa Upare upungufu huo unasikitisha zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mambo anayoulizwa iko mlimani, upande wa mashariki wa bwawa.

Nyumba ya Mungu yenyewe si mahali pa kale. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani, karibu na makutano ya mito Kikuletwa na Ruvu, kwa ajili ya umeme na umwagiliaji. Samaki walioongezeka humo waliwavuta wavuvi kutoka pande nyingi za nchi, na kwa hiyo lugha ya mwaloni ni Kiswahili. Mlimani huzungumzwa Chasu, ambacho Kiswahili hukiita Kipare, pamoja na Kigweno. Darasa moja la huko laweza kuwa na mtoto wa mvuvi ambaye hajawahi kusikia neno ndiva, na jirani yake ambaye babu yake ana zamu ya maji ya ndiva kila wiki.

Zama na majina yake

Ugumu wa kwanza ni jina la somo. Kiswahili hutumia zama za kale, zama za kati, na kabla ya ukoloni, na mara nyingi mwanafunzi huyachukua majina hayo kana kwamba ni visawe. Zama za kati ni kipindi kilichokatwa kwa kisu cha Ulaya: baada ya kuanguka kwa Roma ya magharibi na kabla ya mwamko wa elimu na sanaa. Kilwa iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331 haikuwa katikati ya chochote. Ilikuwa katika ustawi wake. Istilahi kabla ya ukoloni nayo huzikusanya karne nyingi na kuzitambulisha kwa jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea. Mtahiniwa makini huandika karne. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, halipendelei bara lolote.

Neno historia lenyewe ni geni la karibuni. Waandishi wa Kiswahili wa zamani walisema habari au tarehe. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy alipoandika juu ya watawala wa Usambara, majirani wa Wapare, kitabu chake kiliitwa Habari za Wakilindi. Kilichapwa na wamisionari wa Magila na kuhaririwa upya mwaka 1962. Hapa pana funzo la mbinu. Habari huwa na mtu aliyeileta, na msikilizaji wa Kiswahili hujua kuuliza: habari hii umeipata kwa nani? Swali hilo ndilo moyo wa mada ya vyanzo vya historia, mada ambayo huwasumbua watahiniwa kwa sababu wameisoma kama orodha ya faida na hasara za masimulizi. Kitabu cha Isaria Kimambo juu ya historia ya kisiasa ya Wapare kuanzia takriban mwaka 1500 hadi 1900, kilichotoka mwaka 1969, kilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya masimulizi yaliyokusanywa ukoo kwa ukoo na kulinganishwa. Mtahiniwa anayejua kwamba ukoo mmoja husimulia kushinda na mwingine husimulia kunyang'anywa ameshaelewa ukosoaji wa vyanzo, hata kabla ya kujifunza jina lake la Kiingereza.

Chuma, maji na dola

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni chuma. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., chataja zana za chuma, kama mikuki, mashoka na majambia, zilizoletwa kwenye pwani hii kutoka Uarabuni. Mwanafunzi husoma hayo na kuhitimisha kwamba chuma kiliingia Afrika Mashariki kwa majahazi. Lakini uchimbuzi wa Robert Soper, uliochapishwa mwaka 1967, ulionyesha kwamba Bombo Kaburi, Upare Kusini, ilikuwa na vyungu vya aina ya Kwale yapata karne ya 3 B.K.; na vyungu hivyo ni alama ya jamii za wakulima waliojua kufua chuma. Kati ya tarehe hizo mbili pana nafasi ya kufikiri. Je, biashara ya baharini ilileta ujuzi, au ilileta bidhaa tu kwa watu waliokuwa na ujuzi wao? Ushahidi wa maeneo mengine ya Maziwa Makuu, ambako uyeyushaji ni wa zamani kuliko Periplus, unaelekeza kwenye jibu la pili. Mtahiniwa anayeweza kuuweka ushahidi huo katika aya moja hahitaji kukariri aya ya mtu mwingine.

Huko Ugweno, Upare Kaskazini, uhunzi ulifungamana na utawala. Ukoo wa Washana, ambao jina lake linahusishwa na ufuaji wa chuma, ulikuwa na mamlaka hadi ulipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Baada ya mapinduzi hayo, jando la msituni, liitwalo mshitu, likawa chombo cha kuwafunga vijana wa koo mbalimbali kwa mtawala mmoja. (Neno mshitu ni ndugu wa msitu wa Kiswahili, na mwanafunzi akilisikia mara moja halisahau.) Wahunzi hawakuacha kazi yao, na chuma cha Wapare kilinunuliwa hata na Wachaga. Kwa swali la kueleza jinsi dola zilivyoundwa Afrika, Ugweno unatosha kuwa mfano kamili: teknolojia, ukoo, mapinduzi, na taasisi mpya.

Maji yanasema jambo tofauti. Ndiva ni bwawa dogo la udongo au mawe linalokusanya maji ya kijito usiku, yakaachiwa mchana kwenye mifereji kwa zamu. Vitabu vya historia ya ulimwengu hupenda kuonyesha kwamba umwagiliaji huzaa mamlaka makali. Karl Wittfogel alilijengea wazo hilo nadharia nzima mwaka 1957, akitazama Uchina, Misri na Mesopotamia. Mfano wa Upare unaitia nadharia hiyo mashakani. Ndiva na mifereji ilisimamiwa na koo na watumiaji wenyewe, na haikuzaa Firauni, jina ambalo Kiswahili kimeligeuza kuwa tusi. Swali la kulinganisha Misri na jamii nyingine linapotokea, jibu lenye ndiva ndani yake lina uzito, mradi mtahiniwa aieleze kwa sentensi moja na asidhani kwamba msahihishaji amepata kuiona.

Ukabaila uko wapi?

Kinyume chake, ziko istilahi za Kiswahili ambazo humpotosha msomaji. Ukabaila ulipokelewa kuwa jina la mfumo wa ardhi na utii uliojulikana Ulaya. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kabila au ukoo, na kabaila alikuwa mtu wa nasaba kubwa. Katika mitihani ya Tanzania mfumo huo hutafutiwa mifano ya nyumbani: nyarubanja ya Buhaya, ubugabire, na umwinyi wa pwani. Maneno hayo huandikwa jinsi yalivyo ndani ya majibu ya Kiingereza, na ni kati ya maneno machache ya Kibantu ambayo mtihani huo huyadai. Tatizo ni kwamba huandikwa kama visawe. Nyarubanja ilihusu ardhi. Ubugabire ulihusu ng'ombe. Umwinyi ulitokana na cheo, kama kile cha Mwinyi Mkuu wa Unguja. Anayeandika kwamba vyote ni ukabaila amejibu nusu ya swali. Nusu nyingine ni kueleza nani alimdai nani, na kitu gani.

Hapo ndipo vitenzi vya mtihani vinapoleta hasara kubwa. Eleza, jadili, tathmini na linganisha si amri moja. Mwanafunzi aliyezoea kuzijibu zote kwa hoja sita zenye nambari atajadili bila kujadili. Zoezi jepesi, lisilohitaji kitabu, ni kulijibu swali kwanza kwa Kiswahili mbele ya mwenzake, kisha kuliandika kwa Kiingereza. Mahali ambapo Kiswahili chake kinasitasita ndipo ambapo hajaelewa, na hakuna tafsiri itakayomwokoa.

Watahiniwa wa kidato cha nne wamezoea pia maswali ya kupanga matukio kwa mfuatano na ya kuchora ramani. Swali la ramani lina mtego wake katika eneo hili. Misafara ya karne ya 19 ilipanda kutoka Pangani ikifuata bonde la mto, milima ya Usambara na ya Upare ikiwa upande wa kulia, kuelekea Kilimanjaro. Mwanafunzi wa Nyumba ya Mungu akiichora njia hiyo, mkono wake huchora na ziwa analoliona kila asubuhi. Katika ramani ya karne hiyo inampasa alifute.