Taa ya Ndani ya Motokaa Kuukuu

Katika Iyunga, kando ya barabara kuu itokayo mjini Mbeya kwenda Mbalizi na Tunduma, si ajabu kuona motokaa yenye umri wa miaka 20 au 30 ingali ikichukua watu na mizigo. Mwenye motokaa ya namna hiyo huangalia breki, magurudumu na injini, na ni vema afanye hivyo. Lakini taa ndogo iliyo juu ndani ya motokaa huidharau, akidhani ni pambo tu. Sisi hatuioni hivyo. Mtu apakiapo mgonjwa usiku, taa isipowaka humlazimu kumpapasa gizani. Na taa ikikataa kuzimika, betri huishiwa nguvu, na asubuhi motokaa haiendi po pote ila kwa kusukumwa.

Hesabu ya jambo hili la pili ni nyepesi. Balbu ya taa hiyo mara nyingi ni ya wati 10, na betri ni ya volti 12. Basi hula karibu ampea 0.8. Ikiwaka saa 12 za usiku imekwisha kula kadiri ya ampea-saa 10, na betri ya motokaa ndogo, ikiwa mpya, huwa na kama 40 au 45. Betri mpya itavumilia. Lakini iliyochakaa pengine haina hata nusu ya hizo, na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai huipunguzia nguvu zaidi, hali oili ya injini nayo imekuwa nzito.

Kabla ya kushika bisibisi yafaa kujua njia ya umeme. Katika motokaa nyingi za Kijapani umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, na hukaa katika taa wakati wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kinachongojwa ni njia ya kurudi tu. Katika nguzo ya mlango kuna swichi ndogo mfano wa kifungo: mlango ukifunguliwa, kifungo huchomoza, waya huungana na bodi ya chuma, na taa huwaka. Kuungana huko na bodi ndiko mafundi wakuitako athi.

Basi ikiwa taa haiwaki, anza na swichi iliyo katika taa yenyewe. Kwa kawaida ina vituo vitatu: kuwasha, kuzima, na kufuata mlango. Mara nyingi mtoto ameisogeza tu, na fundi hulipwa fedha bure. Iweke katika kituo cha kuwasha. Ikiwaka, balbu na fyuzi ni nzima, na ubovu umo katika swichi ya mlango au waya wake. Isipowaka, tazama saa na redio. Vitu hivi mara nyingi hutumia fyuzi moja na taa, na vikiwa vimekufa pamoja nayo, fyuzi ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa ni vizima, fungua kifuniko cha taa utazame balbu. Lakini kwanza ondoa waya wa hasi wa betri, maana ncha ya bisibisi ikigusa umeme na bodi pamoja, fyuzi itaungua. Safisha kutu kwa msasa mwembamba, na vibanio vilivyolegea uvikaze.

Swichi ya mlango huingiwa na vumbi wakati wa kiangazi na maji ya matope wakati wa mvua, ikashika kutu. Ichomoe, uisafishe pamoja na mahali ilipokaa. Na waya wake uufunge kwa uzi kwanza, kwani ukitumbukia ndani ya nguzo utakupotezea nusu ya siku.

Hapa hatuna budi kusema kwa ukali. Wako watu ambao fyuzi ikiungua huizungushia karatasi ya bati ya sigara, au huweka kipande cha waya. Taa itawaka, ndiyo. Lakini fyuzi imewekwa ili iungue badala ya waya. Akiizuia isiungue, ziko nyaya zilizofichwa chini ya mazulia na nyuma ya vitambaa, nazo zitashika moto mahali asipoona. Weka fyuzi ya ampea zile zile zilizoandikwa, na ikiungua tena tafuta waya uliochubuka.

Taa isiyozimika nayo ina utaratibu wake. Fungua milango yote, hata wa nyuma, ukabonyeze vifungo vyote pamoja, ukisaidiwa na wenzako. Ikizimika, achia kimoja kimoja, ufunge na milango mmoja mmoja, hata uujue mlango usiofika kifungo chake: pengine bawaba zimelegea, au kifungo kimekwama kwa kutu. Isipozimika kabisa, huenda waya umechubuka na kugusa bodi, hasa karibu na bawaba, mahali ukunjwapo kila mlango ufunguliwapo.

Na ikiwa giza limeingia na kosa halijaonekana, sogeza swichi ya taa katika kituo cha kuzima. Isipotii, toa balbu, uitie katika kikasha cha motokaa, ukalale. Motokaa itawaka asubuhi, na fundi atatafuta waya ule mchana kweupe.