Taa ya Injini Inayowaka Tena na Tena: Namna ya Kutafuta Kiini cha Hitilafu

Wenye magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi wanaifahamu vema taa ndogo ya manjano, yenye umbo la injini, iliyo mbele ya dereva. Taa hiyo inapowaka, gari hupelekwa gereji. Fundi huunganisha chombo cha kusomea, husoma namba ya hitilafu, hubadilisha kifaa kimoja, kisha huifuta namba hiyo. Taa huzimika. Baada ya siku chache huwaka tena, na namba ni ile ile. Mwenye gari hununua kifaa cha pili, pengine na cha tatu, na fedha humwishia bila hitilafu kuondoka. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi hitilafu ya namna hii inavyoweza kutafutwa kwa utaratibu wa kisayansi.

Asili ya namba za hitilafu

Taa hii ilizaliwa na jitihada za kupunguza uchafuzi wa hewa. Jimbo la California, huko Marekani, lilianza kuyataka magari ya mwaka 1988 yawe na uwezo wa kujichunguza yenyewe. Utaratibu wa pili, ulio kamili zaidi, ukawa wa lazima Marekani yote kwa magari ya mwaka 1996, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata kwa magari ya petroli mnamo 2001. Kwa utaratibu huo namba za msingi zina maana moja kwa watengenezaji wote, nazo husomwa kupitia tundu la ncha 16 lililo chini ya dashibodi.

Magari mengi ya Afrika Mashariki huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Yale ya zamani zaidi yana njia zake yenyewe. Kwa mfano, katika magari mengi ya Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, fundi huunganisha kwa waya ncha zilizoandikwa TE1 na E1, kisha huhesabu jinsi taa inavyomweka. Njia ya kusoma ni tofauti, lakini kanuni ya uchunguzi ni moja.

Namba inasema nini?

Tuchukue mfano wa namba P0171, ambayo ni mashuhuri kwa kurudi. Herufi P yaonyesha kuwa jambo linahusu injini na mitambo ya kuendesha gari. Tarakimu 0 yaonyesha kuwa namba hii ni ya watengenezaji wote. Tarakimu 1 yahusu upimaji wa petroli na hewa. Namba nzima maana yake ni kwamba, katika upande wa injini wenye silinda ya kwanza, mchanganyiko ni hafifu. Yaani hewa imezidi au petroli imepungua.

Msomaji aangalie kwamba namba haikutaja kifaa chochote kilichoharibika. Imetaja hali tu. Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari kwamba ana homa: homa ni kweli, lakini si jina la ugonjwa.

Jinsi kompyuta inavyopima

Ili petroli iungue barabara, kila kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kompyuta ya gari hukadiria petroli inayohitajika, kisha huuliza matokeo kwa kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita sensa, kilichofungwa katika bomba la moshi. Kihisi cha aina iliyoenea katika magari ya zamani hutoa umeme wa karibu volti 0.9 petroli ikizidi, na karibu volti 0.1 hewa ikizidi.

Kihisi kikiripoti kuwa hewa imezidi, kompyuta huongeza petroli, na ongezeko hilo huandikwa kwa asilimia. Marekebisho haya ni ya namna mbili: ya muda mfupi, yanayobadilika kila nukta, na ya muda mrefu, yanayoonyesha tabia ya injini kwa siku nyingi. Katika injini nzima jumla yake kwa kawaida haizidi asilimia 10 juu au chini. Ikipanda sana, aghalabu karibu na asilimia 25, na hali hiyo ikarudiwa katika safari mbili mfululizo, taa huwaka.

Mashahidi wanaoweza kusababisha shauri moja

Sababu za P0171 ni kadhaa. Mpira au gasketi ya upande wa kuingizia hewa huweza kupasuka, hasa kwa joto na umri, hewa isiyopimwa ikaingia. Kihisi cha kupima hewa, chenye waya mwembamba unaopashwa moto, huweza kufunikwa na vumbi kikapima pungufu. Pampu ya petroli huweza kuchoka, chujio likaziba, au nozeli zikajaa uchafu. Mwisho, bomba la moshi huweza kutoboka kabla ya kihisi cha oksijeni. Hewa ya nje ikavutwa ndani, na kihisi kikaripoti hewa ambayo haikutoka katika silinda.

Kifaa kinachobadilishwa mara nyingi ni kihisi cha oksijeni, kwa kuwa ndicho kilichotoa habari. Lakini mara nyingi kihisi hicho ni kizima na kinasema kweli.

Uchunguzi kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kutofuta namba. Kompyuta huhifadhi pamoja nayo kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipoonekana: mizunguko, joto la maji, mzigo na mwendo wa gari. Anayefuta namba au kukata betri hupoteza ushahidi huu.

Hatua ya pili ni kusoma marekebisho ya petroli katika hali mbili, injini ikiwa imekwisha kupata joto: kwanza ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Tuseme tunapata asilimia 24 katika hali ya kwanza na asilimia 6 katika ya pili. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Injini isipokanyagwa huvuta hewa kidogo. Ikiwa inavuta sehemu 10, na ufa ukaongeza sehemu 2, ongezeko ni moja ya tano. Ikivuta sehemu 40, ufa ule ule huongeza sehemu 2 tu, yaani moja ya ishirini. Hivyo, katika injini yenye kihisi cha kupima hewa inayopita, marekebisho yanayopungua mizunguko inapoongezeka hutuelekeza kwenye ufa wa kuvuta hewa.

Ikiwa marekebisho huongezeka gari linapopanda mlima au kubeba mzigo, yatupasa kushuku upungufu wa petroli au kihisi cha hewa kilichochafuka. Hapo hupimwa mgandamizo wa petroli kwa geji, na kihisi husafishwa kwa dawa yake maalumu bila kuguswa kwa kitambaa wala kidole.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha. Ufa hutafutwa kwa kupuliza moshi katika njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, au kwa kusikiliza mlio wa hewa kwa kipande cha mpira kilichowekwa sikioni, injini ikiwa inazunguka. Kunyunyizia petroli juu ya injini ya moto ni hatari na hakufai kabisa.

Hatua ya mwisho, ambayo husahauliwa sana, ni kusoma tena marekebisho baada ya matengenezo. Yakirudi karibu na sifuri katika hali zote mbili, hitilafu imeondoka. Yasiporudi, taa itawaka tena, hata kama sasa imezimika.

Hasara ya kupuuza

Mchanganyiko hafifu ukiendelea, injini hutetemeka na kukosa nguvu. Chini ya mzigo mkubwa huweza kugonga na kuziharibu pistoni. Taa ikianza kumwekamweka wakati wa safari, kwa kawaida ni dalili kwamba silinda hazichomi petroli ipasavyo, na petroli hiyo inakiunguza chombo cha kusafishia moshi. Dereva hana budi kupunguza mwendo na kusimama mahali pa salama.

Kipande cha mpira kilichopasuka ni bei ndogo kuliko kihisi kipya, lakini hakionekani kwa anayesoma namba peke yake. Chombo cha kusomea hutupa swali la kuanzia. Jibu hupatikana kwa kupima, kulinganisha na kuthibitisha, na kazi hiyo bado ni ya fundi. Mwenye gari naye ana haki ya kumwuliza fundi wake, kabla ya kununua kifaa chochote, amepima nini na amepata kiasi gani.