Jibini na Mnyama Wake: Kweli au Si Kweli?

Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza, inajulikana kwa mawese, dagaa na migebuka. Maziwa hayatajwi sana, ingawa wafugaji wengi wameingia na makundi yao katika bonde la mto Malagarasi. Mvua zikinyesha na majani yakaota, maziwa huongezeka, na yasiyopata mnunuzi huishia kuwa mgando. Mengine yangeweza kuwa jibini, lakini mazungumzo ya jibini hukwama mapema kwenye imani kuhusu mnyama anayefaa na asiyefaa.

“Ng'ombe wa kienyeji hafai kwa jibini.”

Si kweli, na katika imani zote hizi ndiyo inayotugharimu zaidi. Jibini hutokana na vitu viwili vilivyomo kwenye maziwa: mafuta, na protini iitwayo kaseini. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji tu, nayo humwagika wakati wa kuchuja. Maziwa ya Frisiani kwa kawaida yana mafuta asilimia 3.5 hadi 4. Ya zebu wetu, na ya Ankole wenye pembe ndefu ambao Waha wamewafuga tangu enzi za mababu, mara nyingi hukaribia asilimia 5 au kupita hapo. Kwa hiyo lita moja ya ng'ombe wa asili inaweza kukupa jibini nyingi kuliko lita moja ya ng'ombe wa kisasa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa jibini duniani humthamini Jersey, ng'ombe mdogo mwenye maziwa mazito, hata pale Frisiani anapomzidi kwa lita.

Udhaifu wa ng'ombe wetu uko kwenye wingi. Ndama akishanyonya, mfugaji hubaki na lita moja au mbili kwa siku, wakati Frisiani aliyelishwa vizuri hutoa kumi na zaidi. Hapo dawa ni wafugaji kukusanya maziwa pamoja, asubuhi hiyohiyo, kabla hayajachachuka. Kumdharau mnyama hakuongezi hata kikombe kimoja.

“Jibini nyeupe imechakachuliwa.”

Si kweli. Umanjano wa jibini ya ng'ombe hutoka kwenye majani aliyokula, kwa rangi iitwayo karotini, ambayo pia ndiyo inayoyafanya mawese kuwa mekundu. Ng'ombe huipitisha rangi hiyo kwenye mafuta ya maziwa. Mbuzi na nyati-maji huigeuza karibu yote kuwa vitamini A, ambayo haina rangi ya kuonekana. Jibini ya mbuzi ikiwa ya manjano sana, hiyo ndiyo ya kuulizia.

“Jibini ya mbuzi lazima inuke beberu.”

Kweli nusu. Mafuta ya maziwa ya mbuzi yana asidi fupi kuliko ya ng'ombe, na asidi hizo zikiachiwa huru hutoa ile harufu kali. Huachiwa zaidi maziwa yakitikiswa ovyo au yakikaa na joto muda mrefu. Beberu naye atengwe wakati wa kukamua.

Aina ya mbuzi ina sehemu yake pia. Miaka ya 1980, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mbuzi wa maziwa kutoka Norwe walifikishwa kwa wakulima wa Mgeta, Morogoro. Huko kwao Norwe watafiti waligundua kwamba mbuzi wengi wa aina hiyo hurithi upungufu wa aina moja ya kaseini: maziwa yao huganda kwa ulegevu na ladha ya mbuzi huzidi. Mbuzi wawili waliolishwa majani yaleyale wanaweza kukupa jibini mbili tofauti.

“Maziwa ya ngamia hayawi jibini.”

Ilikuwa karibu kweli. Kimeng'enya cha tumbo la ndama, kinachotumika kugandisha maziwa ya jibini, huyagandisha vibaya sana. Kile cha ngamia mwenyewe huyaweza.

“Ukichemsha maziwa umeharibu jibini.”

Inategemea jibini gani. Kwa inayogandishwa kwa kimeng'enya, kuchemsha kabisa hudhoofisha mgando. Nyuzi joto 63 kwa dakika 30 zinatosha kuua vijidudu. Jibini inayogandishwa kwa maji ya ndimu, kinyume chake, inataka maziwa yakaribie kuchemka. Maziwa mabichi, ya ng'ombe au ya mbuzi, yanaweza kubeba brusela, ugonjwa unaotupisha mimba mifugo na kumtesa binadamu kwa homa za kujirudia. Hapa sina subira na wanaosema mababu waliyanywa hivyohivyo.

“Tukileta ng'ombe wa Masisi tutapata jibini ya Masisi.”

Si kweli. Jibini ile ya mviringo inayouzwa Goma hutengenezwa kwenye milima yenye baridi ya Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, na jibini ya kuivishwa inataka chumba chenye ubaridi kwa wiki au miezi. Ilagala iko karibu na Ziwa Tanganyika, mita mia saba na kitu tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la kuivishia jibini bila mashine.

Panapotufaa ni kwenye jibini mbichi, yaani isiyoivishwa: maziwa ya moto, maji ya ndimu, kitambaa safi, jiwe la kukandamizia. Njia hii hukamata hata protini ambazo kimeng'enya huziacha ziende na maji. Bonge linalopatikana haliyeyuki kwenye kikaango, kwa hiyo hukaangika vizuri kwa mawese. Likilazwa kwenye maji ya chumvi nyingi hukaa muda mrefu zaidi, na chumvi iko jirani: Uvinza, juu zaidi kwenye Malagarasi hiyohiyo, watu wameichemsha kutoka chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja.