Je, Wajua? Shilingi Moja Inayomtoa Waziri Jasho

Sogea hapa kidogo, msomaji. Je, wajua kuwa pale bungeni Dodoma shilingi moja, moja tu, inatosha kumtoa Waziri jasho? Mbunge asiyeridhika na majibu husimama kwenye Kamati ya Matumizi na kutangaza kwamba anashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Mjadala unafunguka hapohapo, Waziri ananyanyuka kujieleza upya, wenzake wanambembeleza mwenye shilingi airudishe. Mara nyingi huirudisha, na mshahara unabaki palepale.

Lakini muda ukiyoyoma inashuka gilotini. Vifungu vyote vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo, bila swali wala shilingi kushikwa. Mabilioni kwa "ndiyoooo" moja!

Je, wajua kinachotokea Bunge la Tanzania likiikataa bajeti ya Serikali? Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais ruhusa ya kulivunja Bunge lenyewe. Kumbuka pia kwamba kura ya bajeti kuu hupigwa kwa kuitwa jina mmoja mmoja, mbele ya kila mtu. Sasa umeelewa kwa nini "hapana" huwa adimu?

Na je, wajua kuwa hata Rais hawezi kuikalia ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali? Ibara ya 143 inasema ripoti iwasilishwe kabla ya siku saba kupita tangu Bunge lianze kikao. Rais asipochukua hatua, CAG mwenyewe anaibeba ripoti yake na kumpelekea Spika. Fungua Katiba uone, imo humo kwa Kiswahili chepesi kabisa.

Shika hii. Januari 2019 mkaguzi ndiye aliyegeuziwa kibao: Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge kwa sababu alisema redioni kwamba Bunge lina udhaifu. Aprili mwaka huohuo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba akaondoka kwenye kiti. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Subiri, bado: Spika aliyemwita, Job Ndugai, alijiuzulu Januari 2022, na kilichomponza ni maneno yake kuhusu mikopo ya Serikali! Hakuna Spika wa Tanzania aliyewahi kujiuzulu kabla yake.

Ndugai alikuwa Mbunge wa Kongwa. Wajua Kongwa ilishawahi kuitoa jasho Hazina ya Uingereza? Kuanzia 1947 Waingereza walimwaga pesa huko kulima karanga, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mvua ikagoma na udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 za walipakodi zikafutwa nao.

Na ukitaka kujua Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC), ile inayopitia ripoti za CAG, ilianzia wapi, ni London, mwaka 1861, wakati William Gladstone ni Waziri wa Fedha. Kwa desturi mwenyekiti hutoka upinzani. Na hili utalipenda: waziri mmoja wa Hazina huwekwa kwenye orodha ya wajumbe, lakini kwa kawaida hahudhurii. Mjumbe wa kamati inayomchunguza yeye mwenyewe!

Huyo Gladstone alikuwa na mapafu ya chuma. Tarehe 18 Aprili 1853 alisoma bajeti kwa saa 4 na dakika 45. Alijipooza koo kwa mvinyo wa sheri uliopigiwa yai ndani yake, na usishangae: Waziri wa Fedha wa Uingereza ndiye pekee anayeruhusiwa kunywa kilevi ndani ya ukumbi, siku hiyo moja tu ya bajeti. Mpinzani wake Disraeli alimaliza ya mwaka 1867 kwa dakika 45.

Sasa tulia, hii ndiyo kipenzi changu. Je, wajua kuwa risiti za Hazina ziliwahi kuliteketeza Bunge? Kwa mamia ya miaka Hazina ya Uingereza iliandika hesabu kwa kuchonga chale kwenye vijiti. Pauni 1,000 ilikuwa chale yenye unene wa kiganja, pauni 100 unene wa dole gumba, pauni 20 unene wa kidole cha mwisho, na pauni 1 punje ya shayiri. Kijiti kilipasuliwa katikati, mlipaji akaondoka na kipande chake na Hazina ikabaki na chake. Vikikutanishwa lazima chale zilingane. Jaribu kughushi hiyo! Mwaka 1826 vijiti vikastaafishwa. Tarehe 16 Oktoba 1834 ikaamuliwa vichomwe kwenye tanuru za chini ya ukumbi wa Malodi. Vijiti vikavu, moto mkali mno, na kufika usiku jengo karibu lote la Bunge likawa majivu.

Bado London. Novemba 1947 Waziri wa Fedha Hugh Dalton, akielekea ukumbini kusoma bajeti, alimdokezea mwandishi mmoja kodi zitakazobadilika. Gazeti likawa linauzwa mitaani kabla hajamaliza hotuba. Kesho yake kazi hana.

Turudi nyumbani. Je, wajua kuwa Novemba 2014 ripoti ya kamati moja iliwaangusha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mawaziri wawili? Ilikuwa PAC, na suala lilikuwa akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu: zaidi ya Sh300 bilioni zilizotolewa humo. Mwenyekiti Zitto Kabwe wa upinzani aliisoma akisaidiwa na makamu wake, Deo Filikunjombe wa CCM, chama tawala! Mpaka Januari 2015 inaisha, wote watatu walikuwa nje.

Na kama unadhani waziri wa fedha akishatoka ofisini mambo yamekwisha, msikilize huyu. Julai 2015 Basil Mramba, aliyeshika Fedha chini ya Rais Mkapa, alitiwa hatiani pamoja na waziri mwenzake kwa msamaha wa kodi ulioisababishia Serikali hasara ya Sh11.7 bilioni. Mwanzoni mwa 2016 kifungo kikageuzwa kuwa kazi za jamii. Bosi wa zamani wa Hazina akapewa kazi ya kufanya usafi hospitalini, Dar es Salaam!

Vuka Namanga. Wajua Kenya iliwahi kulipia dhahabu ambayo karibu haikuwepo? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ilipewa fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi inayochimba dhahabu kiduchu na almasi hakuna kabisa. Aliyefichua ni karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Nyaraka zake ziliwafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 zikawekwa mezani bungeni. Yeye akakamatwa, akapoteza kazi.

Bado Kenya. Aprili 2004 Mbunge Maoka Maore aliweka mezani karatasi za mkataba wenye utata wa pasipoti na kampuni ya Anglo Leasing. Mwezi uliofuata yuro 956,700 zilirudi zenyewe kwenye akaunti ya Serikali. Pesa zenye aibu! Februari 2006 Waziri wa Fedha David Mwiraria akajiuzulu, na mwezi huohuo kamati ya hesabu ya Bunge ikapanda ndege hadi London kumhoji John Githongo, mpambana-rushwa wa Serikali aliyekuwa ameikimbia nchi.

Julai 2008 ilikuwa zamu ya Amos Kimunya, Waziri wa Fedha, kwa uuzaji wa hoteli ya Grand Regency. Alisema afadhali kufa kuliko kujiuzulu. Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani naye tarehe 2, na tarehe 8 akajiuzulu, mzima wa afya. Januari 2009 alikuwa amesharudi barazani, safari hii Wizara ya Biashara. Siasa hizo!

Uganda nako kuna kioja. Mwaka 2023 mabati yaliyokusudiwa wananchi maskini wa Karamoja yalionekana yameezeka banda la mbuzi kwenye shamba la Amos Lugoloobi, Waziri wa Nchi wa Fedha anayeshughulikia mipango. Bati lenyewe limepigwa chapa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inasomeka. Aprili mwaka huo akafikishwa mahakamani, akakana mashtaka. Mbuzi hawakuhojiwa.

Je, wajua kuwa Bunge laweza kufichwa deni la dola bilioni 2? La Msumbiji lilifichwa. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za Serikali zilikopa, moja ikisema inanunua meli za kuvulia jodari, na Waziri wa Fedha Manuel Chang akatia saini dhamana bila wabunge kujua. Siri ikafumuka 2016. Chang alikamatwa uwanja wa ndege wa Johannesburg Desemba 2018, akiwa mbunge! Januari 2025 mahakama ya New York ikampa miaka 8 na nusu.

Haya, ya mwisho, na usiisome kwa sauti mbele ya wakwe. Desemba 1792 wajumbe watatu wa Bunge la Marekani walimwendea Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, wakimshuku kuchezea fedha za Hazina kupitia mtu mmoja aliyeitwa James Reynolds. Hamilton akawaonyesha barua: fedha alizompa ni zake mwenyewe, za kumfunga mdomo, kwa sababu alikuwa akitembea na mke wa Reynolds! Wajumbe wakaondoka wameridhika. Habari zilipovuja mwaka 1797, Hamilton akachapisha kijitabu kueleza uzinzi wake kinagaubaga, ilimradi asiitwe mwizi. Sura yake iko kwenye noti ya dola 10.