Sura ya 7: Usukani Unaogonga

Mwenye gari kuukuu hapa Goma akilalamika kwamba usukani unagonga anapopita kwenye mawe, atapewa majibu manne kabla jua halijazama. Fundi wa kwanza atamwambia ni shokapu. Wa pili atamwambia ni paralelismi, yaani ulinganifu wa magurudumu. Wa tatu atamshauri abadilishe kremayeri nzima, ile ambayo Nairobi wanaiita raki ya stelingi. Jirani naye atamnong'oneza kwamba gari lile lilishaua mtu huko lilikotoka, kwa hiyo lina mkosi. Nimeiandika sura hii kwa sababu ya majibu hayo manne. Nayasikia kila wiki, na kasoro yake ni moja: yote yametolewa na watu waliosimama wima. Hakuna aliyeingia chini ya gari akashika viungo kwa mkono wake.

Tuanze na la mkosi, tulimalize. Gari halirogwi. Nimefungua magari yenye vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye mtaimbo wa usukani, na mengine yamepakwa mafuta ya upako kwenye dashibodi, na chini yake rotuli, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo, imelegea kiasi kwamba unaweza kuitikisa kwa vidole viwili. Mwombee dereva na abiria wake, ni jambo jema. Rotuli ibadilishe. Kiungo cha usukani kikichomoka kwenye mteremko wa Kabasha, gurudumu litafuata njia yake lenyewe, na hapo muda wa kujadili laana umekwisha.

Sauti ya kugonga ina maana moja tu: kuna nafasi pasipotakiwa kuwa na nafasi. Vyuma viwili vilivyobanana sawasawa havigongani. Gari likitikiswa na barabara, ile nafasi inafunguka na kujifunga, na kila inapojifunga unasikia pigo. Kwa hiyo swali la fundi si "sauti hii inaitwaje?" bali "nafasi iko kwenye kiungo gani?"

Goma nafasi hizo huja mapema, na sababu yake tunaikanyaga kila siku. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudi, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja huohuo wa ndege. Mji ukajengwa tena juu ya mawe hayo. Barabara nyingi za Ndosho na Majengo hazina lami. Ni lava iliyovunjwavunjwa, yenye ncha na mashimo. Vumbi lake ni jeusi na lina makali. Rotuli huishi kwa sababu imevikwa kifuniko cha mpira kinachohifadhi grisi. Mpira ukipasuka, hata kwa ufa wa ukucha, vumbi linaingia, linachanganyika na grisi, na kila unapokata kona mchanganyiko huo unasaga chuma kama msasa. Ndiyo maana katika mji huu nauliza habari za mipira kabla sijauliza gari lina umri gani.

Utaratibu wa kutafuta una hatua tatu: sikio, jicho, mkono.

Sikio linapunguza washukiwa. Pigo jepesi la harakaharaka kwenye mawe madogo, gari likienda polepole, mara nyingi hutoka kwenye bieleti, vile vifimbo vifupi vinavyoshikilia stabilaiza. Mlio wa "tak-tak-tak" unaposhika kona kali huku umekanyaga mafuta ni wa kardani, fimbo inayozungusha gurudumu. Mngurumo unapozungusha usukani gari likiwa limesimama huelekeza juu, kwenye beringi ya shokapu. Na pigo unalolihisi viganjani, si masikioni tu, linakuambia utafute kwenye mnyororo wa usukani wenyewe. Usiliamini sikio zaidi ya hapo. Sauti husafiri ndani ya chuma, na magari yetu mengi yana usukani kulia ilhali tunaendesha upande wa kulia wa barabara: dereva amekaa juu ya gurudumu linalopita kwenye ukingo mbovu, na kila kinachogonga hukiona kama kiko chini ya miguu yake.

Jicho linatafuta mipira iliyopasuka, grisi iliyorushwa nje, nati yenye kutu ya unga mwekundu na pini iliyokosekana.

Mkono ndio unaotoa hukumu. Gari likiwa chini kwa magurudumu yote, injini imezimwa, mwenzako atikise usukani kushoto na kulia kidogo tu, haraka, bila kugeuza magurudumu. Wewe uko chini, kiganja kimezunguka kiungo kimojakimoja. Macho yatakudanganya, ngozi haidanganyi. Kiungo kizima husogea pamoja na jirani yake. Kilichokufa hukupiga kiganjani: upande mmoja umeshaondoka, mwingine bado umelala.

Nilipanga kuvipitia viungo vyote kwa zamu, kuanzia gurudumuni mpaka kwa dereva. Lakini kuna RAV4 moja ya kizazi cha kwanza, ya miaka ya 1990, ambayo inafundisha zaidi ya orodha hiyo, na sitaweza kuendelea bila kuieleza.

Ilikuwa inagonga kwenye mawe na pigo likifika viganjani. Kila garaji ilipopita, mwenye gari aliambiwa neno lilelile: "Papa, tukaze kidogo tu, itanyamaza." Na kweli ilinyamaza siku kadhaa, kisha ikarudi, ikakazwa tena. Ilipofika kwangu ilikuwa na ugonjwa mpya: dereva akizunguka pale kwenye mzunguko wa barabara wenye sanamu ya Chukudu, usukani ulibaki umepinda. Ilibidi aurudishe kwa nguvu mwenyewe. Gari linaloenda hivyo ni la hatari kuliko lile linalogonga.

Kilichokuwa kinakazwa ni nati kubwa iliyo mgongoni mwa kremayeri. Fahamu inafanya nini. Ndani ya kremayeri kuna fimbo yenye meno, na kigurudumu cha meno kinachozungushwa na usukani. Nyuma ya fimbo kuna kipande kinachosukumwa na springi ili meno yasiachane. Ile nati ndiyo inayoipimia springi nafasi yake. Sasa, gari huenda moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko linavyokata kona, kwa hiyo meno ya katikati huisha huku ya pembeni yakiwa bado mazima. Ukikaza mpaka katikati pabane, umebana kupita kiasi pembeni, ambako chuma hakijalika. Fimbo inakwama, usukani haurudi, na meno yanazidi kuliwa. Nati hiyo ina kipimo chake kiwandani. Haikuwekwa iwe dawa ya kila pigo.

Tukaifanya kazi ya mkono. Rotuli za nje zilikuwa salama, na za ndani pia. Nikapanda juu, chini ya dashibodi karibu na pedali, ambako mtaimbo wa usukani unaungana na kremayeri kwa krosi ndogo. Nikashika mtaimbo juu ya krosi kwa mkono mmoja na chini yake kwa mwingine. Usukani ulipotikiswa, mkono wa juu ulizunguka kwanza. Wa chini ukafuata baadaye, kwa pigo. Kremayeri ilikuwa imeadhibiwa kwa kosa la kipande kinachoenea kiganjani. Tuliilegeza nati mpaka kwenye kipimo, tukabadilisha krosi, na pigo likaisha.

Pale kwenye krosi ndipo kukaza kunapoweza kuwa tiba ya kweli, kwa sababu ina bolti ya kuibana, na bolti hiyo hulegea. Anza nayo. Ikiwa bolti imekazwa na nafasi bado ipo, krosi imekwisha.

Vilivyobaki navitaja kwa ufupi. Ukiinua gurudumu kwa kriki na kulisukuma kushoto na kulia kwa mikono iliyoshika pembeni, nafasi inayoonekana mara nyingi ni ya rotuli za usukani. Ukilisukuma juu na chini, shuku beringi au rotuli ya mkono wa chini wa saspensheni. Bieleti usiijaribu gurudumu moja likiwa hewani: stabilaiza inakuwa imejipinda, inaibana bieleti, na nafasi inajificha. Magurudumu yote mawili yawe chini, au yote mawili yawe juu.

Rotuli iliyolegea haipigwi welding, haijazwi vipande vya mpira wa tairi, wala haidungwi grisi ikanyamaza ukaridhika. Inabadilishwa. Unapoifungua rotuli ya nje ya usukani, hesabu mizunguko yake kwenye uzi, uirudishie mpya kwa hesabu ileile, kisha weka pini mpya. Hapo ndipo paralelismi inapoingia, mwisho wa kazi. Kulinganisha magurudumu juu ya kiungo kinachocheza ni kulipia kipimo kitakachobadilika kwenye shimo la kwanza.

Na usimimine mafuta ya breki kwenye tanki la usukani kwa sababu video ya simu imesema. Yanaharibu sili. Toyota nyingi za enzi hizo hutumia mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, aina ya Dexron. Hakuna chupa ya dawa inayorudisha chuma kilicholika.

Toyota yenyewe, kwa Corolla za zamani, iliruhusu usukani ucheze bila kugeuza gurudumu kwa milimita 30 kwenye ukingo wake, si zaidi. Pima kwa rula kila mwezi na uikague mipira siku hiyohiyo. Ukipeleka gari garaji, usilipie jina la ugonjwa. Mwambie fundi aushike mkono wako, auweke kwenye kiungo, na usukani utikiswe. Ukilihisi pigo, mpe kazi. Usipolihisi, hakuna alichokigundua, na pesa zako zibaki mfukoni.