Siku 183 na Nyumba ya Kiboko

Rubani hatii mafuta kwa kukisia. Anajua kilo ngapi zitamfikisha Doha, ngapi zitampeleka uwanja wa akiba endapo Doha kumeingia vumbi, na ngapi za kuzungukia angani akingoja zamu ya kutua. Mtu huyo huyo akiketi mbele ya meza yangu ananiambia kwamba mshahara wake mpya wa Ghuba hautaguswa na kodi ya Kenya, "kwa sababu sitafikisha siku 183." Namuuliza amesoma wapi. Kaambiwa na kapteni mwenzake. Na kapteni aliambiwa na nani? Hajui.

Mwezi huu nimeulizwa mara nne. Ya nne ilikuwa Jumapili, Kiboko, mahali ninapokwenda ili nisiulizwe. Nina michungwa kadhaa pale, na jirani yangu kijana, rubani msaidizi, amejenga nyumba ya vyumba vinne, ina tangi juu ya mnara na mifugo nyuma. Alinikuta nikikagua mipira ya kumwagilia.

"Mzee, nina jambo dogo tu."

"Mambo madogo huja ofisini Jumatatu, kijana wangu."

"Hili ni dogo kabisa. Huku nakatwa, kule sikatwi. Si niende tu, mama watoto abaki hapa, nami nije kila mapumziko?"

Hilo dogo lina makosa matatu ndani yake, na nitaanza na lile linalowagharimu watu mamilioni.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 470, haiulizi kwanza umekaa siku ngapi. Inauliza kama una nyumba ya kudumu Kenya. Ukiwa nayo, na ukawa nchini kwa kipindi chochote katika mwaka huo, wewe ni mkaazi kwa mambo ya kodi. Kipindi chochote, yaani hata wikendi moja ya harusi ya binamu pale Makindu. Siku 183 zinaingia katika kipimo cha pili, kinachomhusu mtu asiye na nyumba ya kudumu hapa. Kijana wangu ana nyumba. Nimeiona ikijengwa, nimekula pilau ya kuiingia. Anahesabu siku za mtihani ambao hakuitwa kuufanya.

Tuseme lakini hana nyumba, amepangisha wageni na funguo wanazo wao. Bado 183 haimwokoi, kwa sababu kuna kipimo cha tatu, ambacho hao makapteni wa maneno hawajawahi kukisikia. Ukiwapo nchini mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa miaka hiyo mitatu ukapita siku 122 kwa mwaka, wewe ni mkaazi. Chukua mtu aliyekaa siku 140 mwaka wa kwanza, 130 wa pili, 120 wa tatu. Hajakaribia 183 hata mara moja, lakini wastani wake ni 130. Amenaswa. Na siku hizo si nyingi kwa rubani wa kwenda na kurudi: mapumziko ya siku 8 kwa mwezi, miezi 11, ni siku 88. Ongeza likizo ya siku 42. Jumla 130. Anayefanikiwa kuiona familia yake vizuri ndiye anayefeli kipimo.

Ukishakuwa mkaazi, mshahara wako unatozwa kodi Kenya hata kama kazi umeifanya nje ya Kenya. Si lazima pesa ziingie benki ya hapa. Huo ni uvumi mwingine, kwamba kodi ni ya zile unazotuma nyumbani tu. Sheria yetu haifuati pesa ilikopelekwa. Inamfuata aliyeichuma.

Sasa tupige hesabu, maana rubani haamini kitu bila tarakimu. Mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, namba niliyoichagua kwa urahisi wa mfano. Kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2023, shilingi 800,000 za kwanza zinakatwa takriban 242,000. Zinazobaki, 700,000, zinakatwa asilimia 35, yaani 245,000. Toa nafuu ya kila mtu ya 2,400. Kodi ni kama 485,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 5.8 kwa mwaka. Acha jambo hilo miaka mitatu, kisha weka adhabu ya asilimia 5 kwa kuchelewa kulipa na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kiboko utauza ng'ombe wote na bado utadaiwa.

Hapa ndipo wananiletea dawa ya pili ya mtaani: "Si naweka ritani ya sifuri tu kwenye iTax?" Ritani ya sifuri ni tamko kwamba hukupata mapato yoyote yanayopaswa kutozwa. Kwa mkaazi mwenye mshahara wa Dubai, hilo ni tamko la uongo lenye PIN yako na tarehe. Wanaodhani hakuna atakayejua wakumbuke kwamba Kenya imeshajiunga na utaratibu wa nchi kupashana habari za akaunti za benki, na Emarati na Qatar zilianza kuutumia mwaka 2018. Nimeona watu wazima wakiloa jasho ofisini mwangu kwa barua ya kurasa mbili.

Kuna kichekesho kimoja ambacho huwa nakisimulia polepole. Mkenya aliyekatwa kodi ya mshahara nchi ya nje huruhusiwa kuitoa katika kodi anayodaiwa hapa. Anayefanya kazi katika nchi inayotoza kodi kubwa huenda asidaiwe hapa chochote cha maana. Wa Dubai hana alichokatwa, basi hana cha kutoa. Ile sifuri aliyoisifia barazani inarudi kumdai nyumbani.

Nitaulizwa kuhusu mikataba ya kuzuia kodi mara mbili. Ipo, kati ya Kenya na Emarati, na kati ya Kenya na Qatar, na kwa wahudumu wa ndege za kimataifa mikataba ya namna hii huwa na kifungu chake maalumu. Huo ni mlango halali. Lakini mlango huo una bawabu, na bawabu anauliza swali lile lile: nyumba ya kudumu iko wapi? Ukisema ziko mbili, anauliza maisha yako yameegemea upande upi, mke, watoto, mali, mambo yako ya kila siku. Mtu aliyepewa chumba na mwajiri huko, na huku ana mke, watoto wawili katika shule ya Makindu na ng'ombe kumi na mmoja, anataka nimsaidie kujibu nini? Mkataba unamfaa aliyehama. Haumfai aliyekwenda safari ndefu.

Pale Hunter's Lodge, hapo hapo Kiboko, kwenye chemchemi na migunga ile ya manjano, wasafiri wa Mombasa husimama kunywa chai bila kujua jina limetoka wapi. John Hunter alikuwa Mskoti aliyekuja Kenya mwaka 1908, akawa mwindaji, na uzeeni akajenga pale na kukaa. Hakuwa na mguu mmoja Uskoti na mwingine Kiboko. Vifaru aliowaua katika nchi hii ya Makueni ni hadithi nyingine, na si nzuri, ila katika suala la makazi mtu yule alikuwa wazi kuliko wateja wangu.

Kosa la pili la kijana ni hilo neno "nije". Kwenye ramani Kiboko inamdanganya. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko upande wetu wa jiji, huhitaji kuingia Nairobi: Simba, Emali, Sultan Hamud, Salama, Mlolongo, umefika. Saa mbili na nusu malori yakikuhurumia, na malori ya barabara ya Mombasa hayana huruma. Doha au Dubai ni saa tano hivi angani. Lakini rubani anayekwenda kwao hana tikiti ya kununua kama wewe na mimi. Anasafiri kwa tikiti ya wafanyakazi, anangoja kiti kibaki, na Desemba viti havibaki. Kisha lazima arudi mapema ili aanze zamu akiwa amepumzika, si akiwa ametoka kulala ameketi. Mapumziko ya siku tatu yanazaa usiku mmoja kitandani Kiboko. Nimewauliza wanaofanya hivyo wahesabu usiku, si siku. Mmoja alihesabu wa mwaka mzima, akanyamaza, akabadilisha mazungumzo.

La tatu ni kulinganisha mishahara kwa kuweka karatasi mbili sambamba. Dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997. Wewe unajenga kwa shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na baada ya miezi michache ikashuka hadi kama 130. Aliyepiga hesabu ya nyumba yake mwezi ule wa Januari alipoteza karibu moja kwa tano ya mshahara bila mtu kumkata hata senti. Na mkataba wa huko ndio viza yako, ndio nyumba yako, ndio shule ya watoto. Mwaka 2020 mashirika makubwa ya Ghuba yaliwapunguza marubani kwa mamia. Kazi ilikwisha, na pamoja nayo haki ya kukaa nchini. Kiinua mgongo kipo, ndiyo: sheria ya kazi ya Emarati inatoa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Angalia hilo neno "msingi". Posho ya nyumba na ya saa za kuruka, zinazoifanya barua ya ajira ipendeze, hazimo.

Simsifii wa hapa pia. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, chama chao cha KALPA kikidai, pamoja na mengine, michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyokuwa imesimamishwa tangu 2020, mpaka mahakama ikawaamuru warudi kazini. Anayeniambia kwamba nyumbani ni salama, namkumbusha wiki ile. Na kutoka kwenye mshahara wa hapa kunakatwa pia asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya afya. Sina ugomvi na mtu anayeondoka. Nina ugomvi na anayeondoka nusu.

Basi ufanye nini? Haraka haraka, maana ukurasa unaisha. Ukiamua kuhama, hama: familia iende, watoto waandikishwe shule za kule, nyumba ya Kiboko ipangishwe kwa mkataba wa maandishi, na kodi ya pango uilipie hapa, hiyo haikwepeki. Chukua hati ya ukaazi wa kikodi kutoka mamlaka ya huko kila mwaka, usingoje miaka mitano kuiomba yote kwa pamoja. Weka daftari la kuingia na kutoka. Ukiamua kuacha familia hapa, tangaza mshahara wote, lipa, na ulinganishe kazi hizo mbili kwa kile kitakachobaki mkononi. Kwa wengine bado inalipa, hasa kapteni wa ndege kubwa ambaye mwajiri anamlipia pango na karo. Kwa rubani msaidizi wa mwaka wa pili, mara nyingi tofauti haitoshi hata kununua usiku alioupoteza. Ukibaki, dai michango yako ya uzeeni kwa maandishi na usiuze nafasi yako ya ukongwe kwa hasira ya mwezi mmoja, maana ukirudi baada ya miaka sita utaanzia chini ya vijana uliowafundisha. Kama tayari una miaka ya nyuma ambayo hukutangaza, jipeleke mwenyewe kabla barua haijaja. Anayejitokeza husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Kuna njia ya katikati pia, mkataba mfupi na shirika la jirani hapa Afrika Mashariki. Mshahara ni mdogo kuliko wa Ghuba, lakini nyumbani ni mbali kwa saa moja, si tano, na kodi uliyokatwa kule inahesabiwa huku.

Kijana wangu alisikiliza akiwa amesimama kwenye tope la michungwa na viatu vyake vizuri. Aliniuliza kama nyumba ikiandikwa jina la mama yake itasaidia. Nikamjibu kwamba sheria haitafuti jina lililo kwenye hati tu. Inaangalia pia mahali palipo tayari kukupokea ukalale, na mama yake hajawahi kumfungia mlango.

Mwisho wa ritani ni tarehe 30 Juni. Atakayekuja kwangu wiki ya mwisho atapanga foleni kama wengine, na aje na pasipoti zake zote mbili, ya sasa na ile iliyojaa, kwa sababu mihuri nahesabu mwenyewe.