Chumvi ya Sinia na Amana ya Mwili

Ndugu Waislamu, ni mara ngapi tunanyunyiza chumvi katika chakula kabla hata ya kukionja? Sodiamu iliyomo katika chumvi huvuta maji ndani ya damu, shinikizo likapanda, na kuta za mishipa zikakakamaa mwaka baada ya mwaka. Mwenyewe huenda asihisi lolote, hadi kiharusi kimwangushe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, achari na ng'onda.

Potasiamu hufanya kinyume chake: huzisaidia figo kuitoa sodiamu, na hulegeza mishipa. Tunaipata katika kunde, maharage, mchicha, ndizi, madafu na tende tunazofuturia. Ila mgonjwa wa figo asivizidishe bila ya kumwuliza daktari, kwani potasiamu ikizidi hudhuru moyo.

Mwili ni amana, na sinia ni la wote. Basi tuipunguze chumvi jikoni kidogo kidogo, wala tusingoje mzee wa nyumba aanguke ndipo tukumbuke kupima shinikizo. Mola atuafikishe.